Matuta ya Shangazi

Asubuhi nyingi za msimu ule shamba halikuwepo. Palikuwa na ukungu tu, mweupe na mzito, na mahali fulani ndani yake ndoo ikigonga jiwe. Wanafunzi walisimama langoni, viatu vimelowa umande, mpaka sauti ya mwanamke iwaambie, "Piteni. Shikeni ukuta wa ghala kwa mkono wa kushoto, mtanikuta."

Mwenye sauti walimwita Shangazi, kwa sababu mwalimu wao wa kilimo, binti wa kaka yake, ndivyo alivyomwita. Tangu afiwe na mumewe, Shangazi alilima viazi peke yake kwenye mteremko ule. Mwalimu alipomwomba aje na darasa lake kila Jumamosi, alikubali papo hapo.

"Mimi nilidhani utanifukuza," Mwalimu alisema.

"Nikufukuze kwa lipi? Niletee hao watoto. Ila wasije na viatu vya harusi."

Somo la kwanza lilikuwa ghalani, kwenye nusu giza iliyonukia udongo mkavu. Viazi vya mbegu vilitandazwa juu ya mbao, vimeanza kuchipua. Shangazi aliwaambia wafumbe macho, wachague kwa vidole.

"Kiazi kizuri kinakaza. Kikibonyea, weka kando. Sasa tafuta macho yake. Yako wapi machipukizi manene, mafupi? Huko ndiko juu."

"Changu kina macho mengi kuliko mama yangu," alisema msichana mmoja, na darasa zima likaangua kicheko. Huyo walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Rafiki yake wa karibu walimwita Kimya, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini.

Basi wakajifunza. Walipanda machipukizi yakitazama mbingu, wakafukia bila kukanyaga. Mimea ilipofika magotini waliivutia udongo shinani, kwa sababu kiazi kikionwa na jua hugeuka kijani na kuwa kichungu. Mchana walikaa juu ya magunia matupu, wakala viazi vya kuchemsha kwa chumvi, mvuke ukiwapanda usoni. Shangazi aliwasimulia maisha ya shamba: kwamba kuna miezi ya kukimbia na miezi ya kungoja, na kwamba kungoja ndiko kunakochosha zaidi. Mara nyingine aliwalaza kati ya matuta, sikio chini, wasikilize viazi vikijaa.

"Shangazi, changu kinakoroma," Redio alinong'ona.

"Usikiamshe."

Nao walilala pale, mawingu yakipita karibu kiasi cha kuguswa, na hakuna aliyejua kama saa ilikuwa imepita au dakika chache tu. Hata Mwalimu, aliyekuja na mpango wake wa somo, aliusahau mkobani.

Mvua zilipokolea, siku moja ukungu ulishuka ghafla wakiwa shambani. Mtu hakuona jembe lake mwenyewe. Wadogo walianza kuitana kwa woga.

"Tulieni," Shangazi alisema. "Kila mtu aweke mguu kwenye mfereji wake, aufuate kuteremka. Mifereji yote inaishia kwangu."

Akaanza kuimba wimbo usio na maneno, nao wakamjia mmoja mmoja, kama watu wanaotoka usingizini. Kimya alifika wa mwisho. Alikuwa amemsikia Shangazi akitembea mle ndani, nyayo zikipapasa ukingo wa tuta, na akagundua jambo lililomkosesha raha: siku za jua kali pia Shangazi alitembea hivyo hivyo.

Jua lilipotoboa, wakarudi kupalilia. Shangazi alipita sehemu ya chini ya shamba, akasimama, akanusa hewa, akaendelea. Kimya aliyekuwa nyuma yake aliinama.

"Shangazi, majani haya yana madoa."

"Madoa gani?"

"Haya hapa. Umeyapita."

Shangazi alirudi. Alichukua jani, akalisogeza puani, kisha akaligeuzia jua, akalitazama kwa muda mrefu.

"Huoni," Kimya alisema taratibu.

"Ninaona mwanga. Ninaona mtu kama kivuli nyuma ya pazia." Akalikunja jani kiganjani. "Siku kadhaa nasikia harufu mbaya huku chini, nikajipa moyo kwamba ni majani yanayooza tu. Mama yangu naye alianza hivi hivi, akafa kipofu. Kaka yangu akijua, atauza shamba langu na kunikalisha sebuleni kwake kama kitambaa cha meza."

"Mimi sitasema."

"Najua hutasema. Lakini hivi viazi vitasema; ugonjwa huu huozesha shamba zima." Akavuta pumzi. "Waite wote. Na Mwalimu."

Walikusanyika, nao wakamsikia akieleza kwa sauti ile ile aliyofundishia mbegu. Mwalimu alianza kulia kabla Shangazi hajamaliza.

"Shangazi, mimi ni mtoto wako. Ulishindwaje kuniambia?"

"Ulikuwa ukiniangalia kwa heshima nyingi, mwanangu. Nilikuwa naipenda." Akamshika bega. "Utalia baadaye, na mimi nitakusindikiza. Sasa nahitaji macho."

Wakagawana matuta. Kila mmoja alisoma majani kwa sauti, na Shangazi akauliza kutoka katikati ya shamba: doa lina rangi gani? Ukigeuza jani, kuna utando mweupe kama unga? Shina je? Sauti zilimjia kutoka pande zote, kama ndege. Alipozisikiliza zote, aliamua. Sehemu ya chini wakate mashina yote siku ile ile, wayatoe na kuyafukia mbali, viazi vibaki ardhini ngozi ikomae. Juu, ambako majani yalikuwa bado safi, Mwalimu apige dawa mara hewa itakapokauka.

Walifanya kazi mpaka mikono ikawa myeusi. Hata Redio hakuzungumza.

Mavuno yalipofika, viazi vya chini vilitoka vidogo kama mayai, na baadhi vilikuwa vimeoza. Vya juu vilikuwa vizito na safi, na watoto walivifukua kwa mikono wakipiga kelele kwa kila kimoja. Kaka yake Shangazi alikuja siku hiyo kusaidia kubeba magunia. Shangazi alimkalisha kizingitini mwa ghala na kumwambia kabla hajauliza lolote.

Kaka aliuliza, "Ulidhani nitakuhamisha kwa nguvu?"

"Ndiyo."

"Hata mimi ningedhani hivyo," alikiri. "Lakini kwanza twende kwa daktari. Mama hatukumpeleka. Tulisema ni uzee."

Daktari alimulika macho yote mawili. Alisema ni mtoto wa jicho, kwamba jicho la kushoto lina ugonjwa mwingine na limechelewa kutibiwa, lakini la kulia linaweza kufanyiwa upasuaji. Shangazi alibaki mjini kwa kaka yake mpaka lilipopona, akilalamika kila siku kuhusu viti vyake.

Alirudi Jumamosi. Wanafunzi walikuwa wamesimama langoni, na kwa mara ya kwanza aliziona nyuso zao. Aliwapitia polepole, akiwaambia waseme neno moja moja.

"Wewe ndiye Redio? Sauti yote ile inakaa wapi, na mwili mdogo hivyo?"

Kwa Kimya hakuhitaji neno. Alimshika mashavu, akamtazama kwa jicho lile moja.

Kisha akaingia shambani. Wakati hayupo, Mwalimu na wanafunzi walikuwa wameinua matuta mapya na kupanda. Shangazi akasimama, mkono kiunoni.

"Nani amepiga haya matuta? Yamepinda kama mlevi anayerudi kwake!"

"Ni sisi," wakasema kwa aibu. "Tutayanyoosha."

Ukungu ulikuwa ukianza kunyanyuka. Matuta yalijitokeza moja baada ya jingine, yakizunguka mawe, yakipishana, yakielea juu ya weupe, na kwenye mgongo wa lile la karibu udongo ulikuwa umepasuka, ncha ya kijani imechungulia.

"Yaacheni," alisema. "Acheni kwanza niyaangalie."