Mwenye Kofia Nyekundu

Lamduan hakuwa na lifti. Hakuwa na mashine za kupoza hewa kwenye vyumba vya juu, wala dirisha hata moja linalotazama mto, wala bango la taa, wala mtu wa kwenda kusimama uwanja wa ndege na kibao chenye majina ya wageni. Mume alikuwa amekwisha kumzika, na mtoto wa kumshika mkono hakujaliwa. Nyumba zote za wageni katika kichochoro kile cha Bangkok, nyuma ya hekalu, zilikuwa na walau kimoja kati ya vitu hivyo, na nyingine zilikuwa navyo vyote.

Yeye alikuwa na karatasi.

Aliipiga taipu mwenyewe, kwa Kiingereza alichojifunza darasa la jioni enzi zile akifua mashuka kwenye hoteli ya watu, akaitoa kopi, na kila mgeni alipewa moja pamoja na ufunguo wa chumba. Ulikuwa ushauri kwa mtu anayetaka kulizunguka jiji asiibiwe, asipotee na asiaibike. Panda teksi yenye mita; dereva akikataa kuiwasha, shuka, nyuma yake inakuja nyingine. Tembea na chenji. Ukienda hekaluni funika mabega na magoti, na ukikaa chini usielekeze nyayo zako kwenye sanamu ya Budha. Ndani ya boti usikalie nafasi ya watawa. Kula pale unapoona watu wa ofisini wamepanga foleni. Ukishindwa kuvuka barabara, tafuta mama mzee anayevuka, jibanze ubavuni pake upande ambao magari hayatokei, na utembee kwa mwendo wake.

Wageni walicheka hapo kwa mama mzee, lakini walichokipenda zaidi ni shauri la nane. Lilisema hivi: mtu yeyote akikuambia kwamba hekalu limefungwa, au gati limefungwa, usimwamini. Anataka kukupeleka kwa mshona suti au muuza vito anayempa kamisheni. Bingwa wao ni yule mwenye kofia nyekundu anayeegesha bajaji yake kwenye mdomo wa kichochoro chetu. Mpe tabasamu, mwambie asante, uendelee na safari yako.

Siku Lamduan alipoyaandika hayo, yalikuwa kweli tupu. Kamron wa bajaji alikuwa mjanja kuliko wenzake wote. Aliweza kumshawishi mzungu mwenye ramani mkononi kwamba hekalu analoliona kwa macho yake, lenye watu wanaoingia na kutoka, limefungwa kwa sababu ya sikukuu. Kisha akampeleka kwa mshonaji, naye akapata kuponi ya mafuta.

Halafu mama yake Kamron akafariki. Alinyoa nywele na kuvaa joho la utawa ili amsindikize mama kwenye moto, kama afanyavyo mtoto wa kiume. Wengi hulivaa asubuhi na kulivua jioni majivu yakipoa. Kamron alibaki nalo msimu mzima wa mvua. Kila alfajiri alipita kichochoroni peku, bakuli kifuani, macho chini, na Lamduan alipiga magoti mbele ya mlango wake akamtilia wali na mchuzi uliofungwa kwenye mfuko. Aliporudi duniani, Kamron aliirudisha kofia kichwani, lakini ule mchezo hakuurudia. Alimwambia Bi Jaem, muuza tambi wa pale kwenye kona, kwamba mdomo uliomwombea mama yake hawezi tena kuutumia kumuuzia mtu suti. Madereva wenzake wakambandika jina la Baba Mtawa, wakawa wanamwuliza kama petroli siku hizi anapewa kwa sadaka.

Lamduan aliyajua hayo yote. Alisema moyoni kwamba atalifuta lile shauri la nane. Lakini kulikuwa na kopi nyingi mezani, ingekuwa hasara kuzitupa. Zilipoisha, akatoa nyingine. Kitabu kimoja cha wasafiri kilikuwa kimeitaja karatasi yake, na wageni walikuwa wakija wakimwuliza, kabla hata ya kuuliza bei ya chumba, huyo mwenye kofia nyekundu yuko wapi.

Basi walipita mbele ya Kamron wakimpa tabasamu na kumwambia asante. Wengine walimkumbatia mabega wakapiga naye picha. Kamron, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye bei na majina ya mahekalu, aliwapungia mkono mpaka wakapotea.

Siku moja alimletea Lamduan ndizi za kukaanga. Akamwambia wageni wake wana adabu kupita wa majirani wote, akataka kujua huwa anawafundisha nini huko ndani. Lamduan akajibu kwamba anawafundisha kuvuka barabara. Ndizi moja ilimchukua muda mrefu kuimeza.

Mwisho wa mvua za mwaka uliofuata mto ulijaa, na jahazi moja la mchanga likaligonga gati dogo chini ya kichochoro. Daraja la mbao linalounganisha ukingo na gati likalegea. Wakubwa wa wilaya wakafunga kamba na kuweka kibao kwa Kithai. Usiku huohuo mtu mmoja akaona kamba nzuri inakaa bure, akaichukua.

Asubuhi yake alitoka Bibi Birgit, mwalimu mstaafu kutoka Denmaki, amevaa mikono mirefu na kubeba chenji kama alivyoshauriwa. Kilichofuata Bi Jaem alikiona chote akiwa na mwiko mkononi. Kamron alisimama akamwambia yule mama kwamba gati limefungwa. Mama akatabasamu, akasema asante, akaendelea. Kamron akamfuata akirudia lile neno moja alilokuwa nalo, imefungwa, imefungwa. Mama akaitoa karatasi mfukoni, akamwonyesha kwa kidole shauri la nane, huku akicheka. Kamron akakimbia mbele yake akatanua mikono. Hapo mama aliacha kucheka. Alipojaribu kumpita, Kamron akaukamata mkoba wake. Mama akapiga yowe la mwizi, akavuta, mkanda ukakatika, naye akamkimbia Kamron, moja kwa moja mpaka kwenye zile mbao.

Ubao ukageuka. Mguu wa Bibi Birgit ukabanwa kati ya gati na nguzo, ukavunjika. Aliyemshika makwapani asizame, mpaka watu wa boti walipofika, alikuwa Kamron. Lakini polisi walipokuja, mama, kwa maumivu na woga, alimnyooshea Kamron kidole. Mkanda wa mkoba bado ulikuwa umemzunguka mkono. Na ndani ya mkoba ilikutwa karatasi inayomtaja kwa kofia yake.

Wakamchukua. Bajaji ikazuiwa, leseni ikawekwa kwenye droo, na karatasi ya Lamduan ikabanwa kwa pini kwenye faili kama ushahidi.

Lamduan alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na aliyapanga vizuri. Lakini Bibi Birgit aliushika mkono wake kabla hajaketi, akamshukuru. Alisema kosa lilikuwa lake mwenyewe. Karatasi ilimwambia aendelee na safari, yeye akasimama kutaniana na mhalifu. Alisema akirudi kwao atawaambia rafiki zake wote wafikie kwa Lamduan.

Lamduan akamenya chungwa. Akamaliza la kwanza, akachukua la pili, akazitenga kokwa pembeni kwa uangalifu, mpaka muuguzi akaja kusema muda wa wageni umekwisha. Siku chache baadaye Bibi Birgit akapandishwa ndege na mguu wake kwenye plasta.

Kamron aliachiwa akangoje kesi nyumbani. Hakuwa na chombo, hakuwa na leseni, kwa hiyo Bi Jaem akampa kazi ya kuosha mabakuli. Ofisa wa polisi, mtu aliyekuwa na Kiingereza chake, alikuwa amemwambia kwamba ametajwa kwenye karatasi, bila kumweleza ametajwa vipi. Kamron alikuja kwa Lamduan mchana, saa ambayo wageni wote wako nje. Akavua ndara mlangoni, akakaa sakafuni ingawa alikaribishwa kiti. Nakala alikuwa nayo mwenyewe, imelowa maji ya kuoshea vyombo.

"Dada, nisomee," alisema.

"Nisome wapi?"

"Hapo nilipo mimi."

Lamduan alimsomea kwa Kithai, polepole, bila kuruka neno. Alipofika kwenye bingwa wao, akalisoma mara mbili. Kamron aliitazama karatasi kama mtu anayetafuta sura yake kwenye picha ya darasa.

"Kwa hiyo lile tabasamu limeandikwa humu."

"Ndiyo."

"Na asante?"

"Na asante."

"Mimi nilidhani wananipenda." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Nimepiga nao picha, dada. Niko kwenye kuta za watu huko Ulaya, nimekenua meno."

Lamduan akakutanisha viganja vyake na kuinama mbele yake, yeye mkubwa kwa mdogo. Kamron akasogea pembeni upesi, akamwomba asimfanyie hivyo, yeye si mtawa tena. Kisha akauliza swali ambalo Lamduan alikuwa akiliogopa tangu alipomwona akivua ndara.

"Ulikuwa unanitilia wali kila asubuhi. Wakati ule ulijua nimeacha?"

"Nilijua ulipotoka utawani. Bi Jaem aliniambia."

"Na karatasi ulikuwa unaendelea kuwapa."

"Nilikuwa ninaendelea kuwapa. Walikuwa wanaipenda."

Kamron akaitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei. Hakumtukana. Lamduan angetoa chochote atukanwe.

Kesho yake alikwenda kituoni, akamweleza ofisa kila kitu. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema maneno ya jirani hayatoshi kufuta maneno ya mlalamikaji. Anataka kauli ya yule mama mwenyewe, kwa sahihi yake, kwamba aliyemshika mkoba alikuwa akimzuia asianguke. Ikifika, faili litafungwa na leseni itarudi. Isipofika, Kamron atasimama mahakamani kwa wizi, na dereva aliyeshitakiwa kwa wizi wa mgeni asitegemee kupewa leseni tena. Halafu akaishusha sauti, maana alimheshimu Lamduan, akamwambia afikiri kwanza. Barua ya namna hiyo ikiangukia mikononi mwa wakili ni sawa na kukiri. Anaweza kudaiwa gharama za mguu, na kile kitabu cha wasafiri kinaweza kumfuta.

Bi Jaem naye alikuwa na lake. Alimwambia aandike kwa kifupi, alaumu kamba. "Kamba haina mdomo, mwanangu. Itasema nini?"

Lamduan akakaa mbele ya mashine yake ya taipu akailaumu kamba. Akamlaumu mwenye jahazi la mchanga, akawalaumu watu wa wilaya kwa kibao cha lugha moja. Ilikuwa barua nzuri, yenye heshima, na ndani yake yeye hakuwamo kabisa. Aliisoma, akaona uso unamwaka moto, akaichana.

Barua ya pili Lamduan aliiandika huku Kamron ameketi palepale sakafuni. Alikuwa ameitwa asikilize asije akaandikwa tena bila kujua. Kila sentensi Lamduan alimtafsiria. Alipofika mahali pa kumwita mtu mwaminifu tangu zamani, Kamron akamsimamisha.

"Hapo hapana. Mshonaji nilimpelekea watu kweli, tena wengi. Ukiniosha sana, yule mama atanusa sabuni."

"Niandike nini, basi?"

"Andika nilikuwa hivyo. Halafu andika niliacha. Halafu andika na wewe ulijua."

Akaandika. Aliandika kwamba mtu mwenye kofia nyekundu alikuwa mdanganyifu wakati karatasi inatungwa, kwamba aliacha baada ya kufiwa na mama yake, na kwamba yeye, Lamduan, alijua, akaliacha shauri la nane mahali pake kwa sababu liliwafurahisha wageni na kumletea wateja. Aliandika kwamba asubuhi ile Kamron alikuwa mtu pekee aliyesema kweli, na kwamba Bibi Birgit hakumwamini kwa sababu yeye alikuwa amemfundisha asimwamini. Aliandika kwamba haya alitakiwa kuyasema hospitali, akamenya machungwa. Akamwomba atume kauli yake kwa polisi, na kama atadai gharama za matibabu, adai kwake.

Kamron alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akasema mabakuli yanamngoja. Mlangoni hakugeuka kuaga.

Posta ilikuwa na watu wengi. Lamduan akasimama kwenye meza ya pembeni, penye kikopo cha gundi na brashi iliyokauka nywele, akaisoma barua mara moja zaidi. Alikuwa akitafuta neno lolote ambalo amejificha nyuma yake, na alilikuta karibu na mwisho, pale alipoita yaliyotokea bahati mbaya. Akalikata kwa kalamu ya posta iliyofungwa kamba, mistari miwili, akaandika juu yake: kosa langu. Barua ikawa na doa la wino, yeye ambaye karatasi zake zilisifiwa kwa usafi.

Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha, akapaka gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Zamu yake ilipofika, karani akaipima, akabandika stempu za ndege, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko pamoja na nyingine.