Punje Kumi za Lori

"Usiamini kitu mpaka umekijaribu," Mwalimu Shemhilu aliwaambia wanafunzi wa darasa la tano. Secilia akafunga punje kumi za mahindi yaliyoletwa na lori, mbegu za shamba la ujamaa, kwenye kitambaa kilicholowa, na kumi za mama yake kwenye kingine. Baada ya siku saba, za mama zilikuwa zimeota. Za lori zilioza zote.

"Umezimwagia uji wewe!" Athumani, mwenzake wa dawati, alimcheka.

Mwalimu hakucheka. Alimwambia arudie, na mambo yakawa yale yale. Kufikia hapo kijiji kilikuwa kimeshamaliza kupanda mbegu za lori.

Secilia alikimbia nyumbani. "Shikamoo mama. Mbegu zetu ziko wapi?"

"Marahaba. Nimezisaga, mwanangu. Si tumeletewa nyingine? Njoo ule."

Secilia alinawa, akamega tonge la kwanza la ugali wa mbegu zile, akalirudisha sahanini.