Udongo Uliomfuata NyaMhango

NyaMhango alikuwa amekaa kibarazani na karai la mbegu za soya. Alikoroga sukari katika maji, akazinyunyizia mbegu, kisha akachana pakiti ya unga mweusi na kuzipaka hadi zikawa kama zimetoka jikoni na masizi. Ndani ya unga ule mna bakteria wanaokaa kwenye mizizi na kuilisha mimea chakula wanachokitoa hewani. Kazi yenyewe hufanywa kivulini, maana jua huwaua. Jailosi Kumwenda, mumewe, mwanzoni alikuwa akimtania kwamba anazipaka mbegu poda kama vitoto vichanga. Misimu ikapita, mbolea ya dukani ikawa haihitajiki sana, udongo ukawa mweusi na laini, na Jailosi akaacha utani.

Mwaka huo Jailosi alikuwa amekufa. Kabla mbegu hazijakauka, shemeji yake Wyson, ndugu wa marehemu, alifika, akavua kofia, akamweleza kwa upole kwamba ukoo ulikuwa umekutana. Shamba lilikuwa la akina Kumwenda na lingerudi kwao. NyaMhango alitengewa kipande cha changarawe nyuma ya tanuri la matofali. Hakuwa na mtoto wa kumsemea. Alijitwika karai lake, akaenda.

Wiki ile ile udongo ukaanza kuhama. Ulitoka shambani asubuhi umande ukishakauka, ukavuka barabara kwa mstari mwembamba, bila haraka. Wanawake waliokwenda kisimani waliuruka kama wanavyoruka siafu. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe alisimama akaupisha. Jirani mmoja alinung'unika, lakini ni kwa sababu ulipita uwanjani pake akiwa amekwisha kufagia. Ulipofika kwenye changarawe ulijilaza miguuni pa NyaMhango, naye akausambaza kwa jembe, akapanda.

Wyson naye alipanda. Alimwaga mbolea ya dukani bila ubahili, lakini pale palikuwa pamebaki udongo mwekundu wa chini, mgumu kama sakafu, na mvua ya kwanza iliichukua mbolea yote ikaipeleka kijitoni. Soya yake ikaota njano. Haukupita muda Temwanani, kitinda mimba wake, akaanza kutokea kwa NyaMhango wakati wa kula, na sahani yake mkononi.

"Kwenu hawajapika?" NyaMhango alimuuliza.

"Wamepika. Baba anasema mimi mdogo, nishibe kwa harufu."

NyaMhango akampa sima na mboga ya karanga, akamwangalia anavyokula.

Wyson alishtaki kwa nyakwawa, mkuu wa kijiji, kwamba shemeji yake amehama na mali ya ukoo. Kwenye baraza aliitwa mshauri wa kilimo, binti wa akina Msukwa. Aling'oa mche wa Wyson. Mizizi ilikuwa mitupu. Aling'oa wa NyaMhango. Ulikuwa umejaa vinundu, na alipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama ufizi wa mtoto. Akaeleza kwamba bakteria hawa hustawi wanapotunzwa. Aliulizwa kama wana kawaida ya kutembea. Akajibu kwamba umbali huo hajawahi kuuona, ila anakubali kwamba wamefika.

Ukoo uliuchota udongo kati ya mistari ya miche, ukaurudisha shambani kwa mikokoteni. Kesho yake, umande ulipokauka, ulikuwa barabarani tena, na watu wakaupisha.

Baraza likakaa mara ya pili. Nyakwawa alifikiri sana, maana hakuwa mtu mbaya. Mwishowe akasema kwamba udongo hauna ukoo, hivyo hauwezi kutoa ushahidi kuhusu nani ana haki. Kwa kuwa umemzoea mama huyu, basi mama huyu aurudishe mwenyewe.

"Nikiurudisha, shamba ni la nani?" NyaMhango aliuliza.

"La akina Kumwenda, mama. Hilo halijabadilika."

"Na mimi?"

"Wewe una changarawe yako."

Hakuna aliyecheka. Wyson alikuwa akitazama chini. NyaMhango angeweza kukataa. Hata nyakwawa alijua hapangekuwa na wa kumlazimisha. Lakini Temwanani alikuwa amelala kwenye kivuli cha ukuta, na miguu yake ilikuwa imekonda kama mipini.

Soya yake ilipovunwa, NyaMhango alitoka nyuma ya tanuri bila viatu, akatembea katikati ya barabara. Udongo ulimfuata wote, mpana kuliko mwanzo kwa kuwa msimu ule ulikuwa umenenepa. Baiskeli zilisimama pembeni. Wyson alikuwa mpakani, kofia mkononi.

"Karibuni," alisema. Macho yake yalikuwa kwenye udongo.

NyaMhango alilizunguka shamba hadi udongo ulipotulia kila mahali. Akamwonyesha Wyson namna ya kukoroga sukari na kupaka mbegu, akamkanya asizianike juani. Kisha akainama, akauambia udongo, "Kaeni. Huku kuna watoto."

Alipofika mpakani aliomba maji. Wyson aliyaleta mwenyewe, akapiga goti na kummiminia taratibu, kwa heshima zote, huku NyaMhango akinawa miguu hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, asije akaondoka na hata chembe.