Mguu wa Bibi Verna

Bibi yangu Verna alikuwa ametumia vidonge vya maumivu ya mgongo miaka mingi. Daktari alimshauri avipunguze taratibu. Yeye akaviacha kwa mkupuo, kama afukuzaye mbwa jikoni. Jumapili ya kuoshana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, katika kanisa letu la milimani, Kentaki, ikamkuta mwili unadai vidonge: anatoka jasho, anapiga miayo, miguu haitulii.

"Bibi, baki nyumbani," nilimwambia.

"Nyamaza, kinyago wewe. Leo Oleta ndiye ataniosha. Hatujasemeshana tangu tumzike mama."

Kanisani, Oleta, mdogo wake, alijifunga taulo kiunoni akapiga magoti, ingawa magoti yenyewe mabovu. Akaushika mguu wa Bibi. Mguu ukaruka wenyewe, beseni likapinduka, maji yakamlowesha Oleta kifuani. Katika bweni la shule yetu nimewamwagia watu maji kwa makusudi, lakini hapo hata mimi sikucheka.

"Unanipiga teke mbele za Bwana, Verna?"

Bibi angetaja vidonge tu, yangeisha. Aliwatazama waumini, akafumba mdomo. Oleta akavua taulo, akaondoka.

Kwenye gari mguu ulizidi kutikisika.

"Nimeona haya kusema naumwa kwa kukosa vidonge," Bibi alisema. "Sasa anaamini namchukia."