Mrija Uliolala Upogo

Siku hiyo mkuu wa idara, Dokta Heriel, angekaa nyuma ya darasa la Matilda, kisha aamue kama somo lake jipya libaki au lifutwe.

"Chuo hakina maabara ya vibomba vya kaboni," alikuwa amemwambia. "Unawafundisha kitu wasichokigusa."

Ndiyo maana Matilda alipitia Kariakoo kununua mirija ya juisi. Mbele ya wanafunzi wa uhandisi akaipanga mezani, imenyooka.

"Chukulieni kila mrija ni kibomba cha kaboni, chembamba kuliko unywele mara maelfu," alisema. "Umeme unapita humo kutoka kushoto kwenda kulia. Tepe hizi mbili nyeusi, moja imekatiza mirija ya upande wa juu na nyingine ya upande wa chini, ni mageti, yaani milango ya umeme, kila moja na swichi yake. Yote yakifunga, umeme haupiti."

Pangaboi likapeperusha mrija mmoja. Ukalala upogo, ukipenya katikati ya zile tepe bila kugusa hata moja. Matilda akanyoosha mkono haraka aurudishe.

"Madam, uache kwanza," alisema Anifa wa benchi la mbele. "Kiwandani vibomba navyo si vinaweza kulala hivyo? Hapo umeme unapita hata tukizima swichi zote."

Nyuma, Dokta Heriel aliacha kuandika. Matilda angeweza kusema hilo ni la wiki ijayo.

"Kweli," alisema. "Mchoro wangu una kasoro. Njooni tuutengeneze."

Wakajazana mezani. Nurdin akataka tepe zote ziunganishwe.

"Si zitakuwa swichi moja?" wenzake wakamkatalia.

"Tuinyooshe basi mirija yote!" akasema mwingine.

"Vibomba mamilioni, kwa mkono wa nani?" Anifa aliinama. "Vilale vinavyotaka. Tuunguze hii sehemu ya katikati ya tepe tu. Kitakachopita hapo kitakatika."

Matilda akachukua mkasi, akaukata hapo katikati ule uliolala upogo. Mrija ukabaki vipande viwili visivyokutana.

Kipindi kikaisha, nusu ya mada haijaguswa. Dokta Heriel alisubiri wanafunzi watoke.

"Hukumaliza."

"Sikumaliza, Dokta."

"Ila kasoro wameiona wenyewe. Nitasema somo libaki muhula mmoja. Halafu tutaona."

Alipoondoka, Matilda alijishusha kwenye benchi. Muhula mmoja, na maabara hakuna.