Pindo la Koti

Mume wangu Reino hajui kuficha kitu. Akila kitunguu, kijiji kizima kinajua. Hata kudanganya hajui: akijaribu, masikio yanamwiva mekundu kama nyanya, na mimi nacheka kabla hajamaliza sentensi. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumuuliza alikokuwa. Niliyatazama masikio, basi.

Na bastola yake aliivaa hivyo hivyo, kiunoni, upande wa kulia, nje nje. Sheria ya jimbo letu la Michigan inamruhusu. Ukiibeba wazi hakuna wa kukuuliza; ukiifunika bila kibali, umevunja sheria. Kibali alikataa katakata kukiomba.

"Niombe ruhusa ya kuficha?" alikuwa akiniambia. "Mimi nina nini cha kuficha, Aune?"

Sikuipenda ile bastola. Nilimwambia huku kwetu kaskazini adui ni theluji, na theluji haipigwi risasi. Alianza kuivaa mwaka ule wezi walipovunja vibanda vya wawindaji kule ziwani. Wezi wakakamatwa, yeye akaendelea kuivaa, kama mtu anayemeza dawa na ameshapona. Nikazoea. Mke huzoea mengi.

Taabu ilikuwa koti. Baridi ya huku haina mchezo, na koti la Reino linamfika mapajani. Likishuka linaifunika bastola, na ikifunikwa tayari ni kosa. Kwa hiyo wanaume wa hapa wasio na kibali wana tabia yao: wanavuta pindo la koti nyuma na kulichomeka nyuma ya bastola, ionekane. Wakiingia mkahawani asubuhi utawaona mmoja baada ya mwingine, mkono unakwenda kiunoni, pindo nyuma, kisha ndiyo "habari za asubuhi." Mimi mwenyewe nilikuwa namkumbusha mlangoni. Wake wengine husema "funguo," mimi nilisema "koti, Reino." Mkono wake ulizoea mpaka ukawa unakwenda wenyewe. Siku moja alitoka sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, amejifunga taulo, nikamwona analivuta pindo la taulo nyuma. Nilicheka nikakaa chini kwenye theluji.

Nayasema haya yote kwa sababu baadaye hakuna aliyetaka kuyasikia.

Jirani yetu ng'ambo ya barabara ni Delbert Cloutier. Reino ana lori lenye bamba la kusukuma theluji, na badala ya kuilundika kwenye uwanja wetu alikuwa anaivusha barabara. Ikawa mlima mbele ya sanduku la barua la Delbert, na mtu wa posta asipolifikia sanduku hasimami. Delbert alikuwa ameshalalamika, na alikuwa na haki. Nilimwambia Reino hivyo. Akasema atalishughulikia, na wanawake mnajua mwanaume akisema atalishughulikia maana yake nini.

Wakakutana kwenye duka la vifaa mjini. Mimi nilikuwa nyuma kabisa natafuta balbu. Reino alikuwa kaunta, ametoka kuutua mfuko wa chumvi ya barabarani aliokuwa ameukumbatia kwa mikono miwili. Nikamsikia Delbert.

"Reino! Nimechoka na theluji yako."

"Theluji ni ya Mungu, Delbert. Mpelekee yeye malalamiko."

"Mungu hana lori! Dawa za mke wangu zinakuja kwa posta. Posta haisimami. Wewe unaniletea mzaha?"

"Chukua koleo basi, mzee mwenzangu. Au mikono nayo imekwama kwenye theluji?"

Mtu mmoja akacheka. Delbert akapandisha sauti, akasema atairudisha theluji yote mlangoni kwetu tusitoke mpaka kiangazi. Reino akamjibu kitu ambacho sitakiandika. Halafu pakawa kimya.

"Unanionyesha bastola?" Ilikuwa sauti ya Delbert, lakini nyembamba, kama ya mtoto. "Reino. Unanionyesha mimi bastola?"

Nilipofika mbele, Delbert alikuwa ameinua mikono, midomo inamtetemeka. Reino alikuwa bado ameshika pindo la koti, amelivuta nyuma, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Bastola ilikuwa palepale ilipo siku zote. Hakuigusa.

"Nimevuta koti tu," akasema. "Delbert, koti tu hili."

Lakini muuza duka alikuwa ameshapiga simu polisi.

Wakamshtaki kwa kumtisha mtu kwa silaha. Adhabu yake yaweza kufika miaka minne gerezani. Wakamwachia kwa dhamana, arudi nyumbani asubiri, na mimi nikaanza kuhesabu maisha yangu bila yeye. Tunakaa mwisho wa barabara ambayo hakuna anayeisafisha ila Reino. Kuendesha gari sijui. Nijifunze kwa nini, wakati nimeolewa na dereva? Ndivyo nilivyokuwa nawatania watu, na sasa mzaha ulikuwa umenigeukia.

Duka lilikuwa na kamera. Kamera haikuwa na sauti. Wakili wetu, binti mmoja anayeitwa Bridget Tarnowski, mwerevu, mwenye mafua yasiyokwisha, alitufungulia picha hizo ofisini kwake. Wanaume wawili wanabishana. Delbert anapiga hatua mbele. Reino anavuta koti nyuma, bastola inatokeza. Delbert anainua mikono. Kwisha.

"Ni mazoea," nikamwambia. "Anafanya hivyo kila siku. Alikuwa na mfuko mikononi, koti likashuka, alipoutua akalivuta. Nitakuja mahakamani niseme. Na la taulo nitalisema."

Bridget akapenga kamasi. "Mama, tufikiri pamoja. Tukisema alivuta koti ili atii sheria, mwendesha mashtaka atasimama aulize swali moja tu. Kabla hajalivuta, bastola ilikuwa wapi?"

"Kiunoni."

"Chini ya nini?"

Nikamtazama Reino.

"Chini ya koti," akajijibu mwenyewe. "Imefichwa. Na kibali hana. Hilo ni kosa lingine, na lina miaka mitano. Tutakuwa tumeikimbia minne, tukaiangukia mitano."

Reino alikuwa anaitazama ile picha iliyosimama kwenye kioo cha kompyuta. "Kwa hiyo nikifunika nina kosa, nikifunua nina kosa?"

"Ukifunua katikati ya ugomvi, ndiyo."

"Sasa nilitakiwa nifanye nini?"

"Uiache nyumbani, mzee."

Nilitamani kumkumbatia yule binti, na nilitamani kumzaba kibao.

Habari zilipoenea, watu wakaja. Kwanza akaja mmoja anaitwa Russ, wa chama cha haki ya kubeba silaha, mwenye kofia na ndevu zilizochanwa vizuri. Akanywa kahawa yangu, akala mkate wangu wa iliki, akamwambia Reino asikubali kukiri chochote. "Twende mpaka mahakama ya juu, kaka. Kesi yako itatufaa sote."

"Na akifungwa?" nikamuuliza.

"Basi atakuwa amefungwa kwa ajili ya wengi, mama."

Nikamwonyesha mlango. Wiki hiyohiyo wanawake wa kanisani wakasimama nje ya lile duka wakiwa na mabango, wanataka silaha zipigwe marufuku madukani. Jina la mume wangu lilikuwa kwenye bango moja, tena herufi zimekosewa. Mmoja wao nilisoma naye shule. Akaniambia, "Aune, si kwa ubaya. Ni suala la msingi." Kila mtu alikuwa na msingi wake, na wote walikuwa wanajenga juu ya mgongo wa Reino. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wale wenye mabango nilikubaliana nao.

Mwishowe Bridget akaleta makubaliano. Reino akiri kosa dogo, la kuonyesha silaha kwa kutisha. Gerezani haendi. Kifungo cha nje, bunduki zote azikabidhi, na theluji aisukumie kwake. Nililia kwa furaha.

"Ila kuna jambo," Bridget akasema. "Hakimu hawezi kupokea kukiri hivi hivi. Atamtaka aeleze kwa mdomo wake alichofanya. Lazima aseme alikusudia kumtisha."

"Lakini sikukusudia," Reino akasema.

"Najua, mzee."

"Nitakuwa nimeapa."

"Najua."

Tulibishana nyumbani mpaka chakula kikapoa. Nilimwambia Mungu anajua. Nilimwambia uongo huu haumdhuru mtu. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, mimi ambaye hata kanisani magoti yananishinda, nikamwambia, "Ukienda jela, mimi nitakufa kwenye nyumba hii na watanikuta theluji ikiyeyuka. Danganya, Reino. Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

"Sijui kudanganya, Aune. Unajua masikio yangu."

"Hakimu hayajui."

Bridget akamfundisha sentensi mbili za kumwambia hakimu: "Nilikuwa na hasira. Nilitaka aione." Akamrudisha na kumrudisha mpaka akazishika, kama mtoto anayekariri shairi.

Siku ya mahakama alivaa suti yake ya mazishi. Delbert alikaa mstari wa mbele na mkewe. Mimi nilikaa kando, pale ninapoona upande wa uso wa Reino na sikio lake la kulia. Roho yangu yote ilikuwa kwenye sikio lile. Nilikuwa namwomba Mungu liive taratibu, lisiwahi kabla hakimu hajasema sawa.

Hakimu, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo, akamwambia, "Bwana Lahti, nieleze kwa maneno yako. Ulifanya nini siku ile?"

Reino akasimama. Mkono wake wa kulia ukaenda kiunoni, ukavuta pindo la koti la suti nyuma. Hakukuwa na kitu pale. Askari aliyekuwa mlangoni akajongea hatua, kisha akaacha. Nilifumba macho, nikayafumbua upesi.

"Nilikuwa na hasira, mheshimiwa," Reino akasema. "Nilitaka aione."

Hapo ndipo angeishia. Sentensi zilikuwa mbili. Lakini alivuta pumzi, akamgeukia Delbert.

"Alikuwa ananipigia kelele mbele ya watu, na maneno yalikuwa yameniishia. Nilitaka aogope, anyamaze. Na aliponyamaza nilifurahi. Kidogo. Halafu nikaona uso wake, nikaona haya. Nisamehe, Delbert."

Mke wa Delbert akamshika mumewe mkono. Delbert alikuwa analia waziwazi, hajifuti. Hakimu akaitikia kwa kichwa, akasema amepokea. Bridget akanigeukia akanikonyeza kwa furaha, kama anayesema mzee kumbe mwigizaji.

Mimi nilikuwa naangalia sikio. Lilikuwa jeupe. Lilikuwa jeupe kama mkate ambao haujaingia tanuri, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho.

Nje, watu walitupongeza. Nilitabasamu kwa sababu mume wangu alikuwa anarudi nyumbani, na hicho ndicho nilichokuwa nimepigia magoti. Miezi mizima nilikuwa nimeapa kwa kila mtu kwamba yale yalikuwa mazoea. Nilimfukuza Russ, niligombana na rafiki wa utotoni, nilikuwa tayari kwenda kuapa mbele ya hakimu. Na siku ile dukani nilikuwa nyuma natafuta balbu. Sikuona kitu.

Tukaingia kwenye lori. Hakuliwasha. Alikaa ameshika usukani, pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo.

"Nimedanganya mbele ya hakimu, Aune," akasema. "Mungu anisamehe. Lakini unajua ilikuwa mazoea tu. Wewe unanijua."

"Nakujua," nikasema.

Nikageuka kumtazama. Masikio yote mawili yalikuwa yanaiva, wekundu unapanda kutoka ndewe mpaka juu.

Kulikuwa na baridi kali, na tulikuwa tumesimama nje muda mrefu tukishikana mikono na watu. Baridi nayo huyafanya masikio kuwa mekundu. Nilijiambia hivyo. Kisha nikamvalisha kofia, nikaivuta chini mpaka ikayafunika, nikamwambia awashe gari twende nyumbani.