Pengo la Mlinzi wa Makaburi

Tangu sikukuu ya Mwaka Mpya, Yangdol hakuwa amemfungulia mumewe kinywa. Stobdan, mchoraji mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, siku hiyo alilewa pombe ya shayiri akawaambia mashemeji kwamba pengo la mkewe linapitisha mbuzi. Wakacheka mpaka machozi. Yangdol alifunga virago, akaviweka mlangoni, akamtuma jirani amwambie mumewe kwamba picha iliyoagizwa na monasteri ikiisha tu, anakwenda kwa kaka yake. Yeye ndiye aliyesaga rangi, na hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati.

Picha yenyewe ilikuwa ya walinzi wa makaburi, mifupa mitupu ya watu wawili, mume na mke, wakicheza mguu juu. Stobdan aliichora akiomba isiishe. Ikaisha, yakabaki macho tu, ambayo hutiwa rangi mbele ya lama, mkuu wa watawa.

Lama Konchok aliitazama, akaguna.

"Stobdan, huyu mama amenuna."

"Si mifupa tu, Baba Lama?"

"Basi mifupa imenuna! Mlinzi hucheka, ndiyo maana mashetani humkimbia. Huyu kayabana meno kama ana kesi. Mrekebishe, kesho narudi."

Stobdan akaona amchekeshe mkewe, apate mfano. Aliinua mguu kama mifupa ile, akazunguka jiko, akateleza, akakalia sufuria ya gundi. Ikamganda. Yangdol aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika, kinywa kakiziba kwa shali. Hapo ndipo lilipomchoma Stobdan: mwanamke aliyekuwa akicheka hadi majirani wanachungulia, leo anaficha kicheko nyumbani kwake. Aliona haya, tena haya kweli.

Kesho yake lama alikuja na watawa wake. Mama wa mifupa alikuwa anacheka, meno yote yametimia. Mumewe ndiye aliyekuwa na pengo, katikati kabisa.

"Huyu nani kamng'oa jino?" aliuliza lama.

"Ulimi wake mwenyewe, Baba Lama."

"Mifupa haina ulimi, wewe!"

"Ndiyo maana sasa wanapatana."

Yangdol, aliyeshika kibakuli cha rangi ya macho, aliangua kicheko, kinywa wazi, pengo mbele ya watawa wote. Rangi ikamwagikia viatu vya lama.

"Nitasaga nyingine," alisema akipangusa machozi, kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, ingiza virago vyangu ndani. Kuna mbuzi wanapita."